Karatasi ya Dola Themanini

Wajukuu zangu, hadithi yetu ya leo haina sungura wala fisi. Ina askari, karatasi na hesabu. Kwa hiyo kila mmoja achukue kalamu, maana nitawatuma mpige hesabu pamoja nami.

Mwaka 1776, huko Connecticut, Marekani, kijana mmoja wa miaka 15 aliyeitwa Joseph Plumb Martin alijiandikisha jeshini. Makoloni 13 yalikuwa yakipigana na Uingereza tangu mwaka uliotangulia, yakitaka kujitawala. Askari wa kawaida aliahidiwa dola 6 na theluthi mbili kwa mwezi. Zidisheni mara miezi 12. Mmepata 80? Vizuri. Ishikeni hiyo 80, tutaihitaji mpaka mwisho.

Shida ilianzia kwenye sanduku la fedha. Bunge lililoongoza vita halikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Likafanya lililoweza: likachapisha noti, na tena noti, mpaka zikapita dola milioni 200. Nanyi mnajua embe zikijaa sokoni bei inavyoshuka. Kufikia mwaka 1780 Bunge lenyewe lilikubali kuhesabu noti zake 40 kuwa sawa na dola moja ya fedha. Mshahara wa noti kama hizo haukumnunulia askari hata viatu.

Baadaye hata noti zilikoma. Martin alipozeeka aliandika kumbukumbu zake, zikachapwa mwaka 1830. Humo anasimulia kwamba mwaka 1781, jeshi lilipokuwa likielekea Yorktown kwa pambano kubwa la mwisho, walilipwa mshahara wa mwezi mmoja kwa sarafu za fedha, na sarafu hizo zilikopwa kwa Wafaransa. Anasema hizo ndizo fedha pekee za kweli alizopata kama mshahara tangu mwaka 1776, na kwamba hakulipwa nyingine tena hadi vita vikaisha. Alitumikia karibu miaka 7, alishinda njaa, alitembea peku kwenye barafu, na mshahara wake wa kweli ulikuwa wa mwezi mmoja.

Mwaka 1783 vita vilikwisha, na askari wakauliza: malipo yetu yako wapi? Mwezi Juni mwaka huo mamia yao walilizunguka jengo la Bunge mjini Philadelphia wakiwa na bunduki, wakidai haki yao. Wabunge wakatoroka mji, wakahamia Princeton. Hazina ilikuwa tupu.

Ndipo kazi ikamwangukia mtu mmoja, John Pierce, mlipaji mkuu wa jeshi. Yeye na makarani wake walikaa na madaftari ya vikosi, wakahesabu askari mmoja mmoja: huyu alitumikia miezi mingapi, alichukua nini, anadai nini. Kisha kila askari akaandikiwa hati. Ilikuwa karatasi yenye namba, jina lake, kiasi anachodai na sahihi ya Pierce. Ilisema serikali inadaiwa, na kwamba deni hilo litazaa riba ya asilimia 6 kila mwaka mpaka lilipwe. Makumi ya maelfu ya hati hizo ziliandikwa, na kila moja ikaingizwa kwenye rejista.

Riba ni nini? Ni ujira wa kusubiri. Mtu akikaa na mali yako, anakulipa kidogo kila mwaka kwa kuwa umevumilia. Tuseme askari wetu alipewa hati ya dola 80, mshahara wa mwaka mmoja. Asilimia 6 ya 80 ni dola 4 na senti 80. Akisubiri miaka 7, riba peke yake ni dola 33 na senti 60, juu ya zile 80 zake. Si haba, eti?

Lakini nani angeweza kusubiri? Mtazameni askari aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Nguo zimechakaa, mfukoni hana kitu, na kwao ni mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Martin anasimulia kwamba yeye na wenzake walizingoja hati zao, kisha wakaziuza ili wapate nguo za heshima na nauli. Riba nayo serikali haikuweza kuilipa kwa sarafu. Ilitoa vikaratasi vingine, vilivyofaa zaidi kwa kulipia kodi. Mwenye akiba alivikusanya. Mwenye njaa hakuweza kuvila.

Wanunuzi walikuwapo tayari. Walikuwa wafanyabiashara, na hata watu wa nyumba kubwa. Abigail Adams, mke wa John Adams aliyekuja kuwa rais wa pili, naye alinunua hati za deni la vita. Bei ilikuwa ya chini sana, mara nyingi kati ya senti 10 na 20 kwa kila dola. Ile hati ya dola 80, kwa bei ya senti 12 na nusu, ilimpa askari dola 10. Mwaka mzima wa kupigana ukauzwa kwa dola 10.

Na jambo la uchungu likafuata. Ili kulipa madeni ya vita na riba zake, baadhi ya majimbo yalipandisha kodi, na kodi hiyo iliwaangukia wakulima, ambao wengi wao ndio wale wale askari wa zamani. Huko Massachusetts, mwaka 1786, wakulima waliokuwa wakinyang'anywa mashamba waliinuka na kufunga mahakama. Mmoja wa viongozi wao, Daniel Shays, alikuwa kapteni katika vita vya uhuru. Januari 1787 walipoiendea ghala ya silaha ya Springfield walipigwa mizinga, na wanne wakauawa.

Sasa tufike mwaka 1790. Marekani ina katiba mpya, rais wake ni George Washington, na waziri wa fedha ni Alexander Hamilton. Hamilton akapeleka Bungeni mpango wake: taifa lilipe deni lote, na anayelipwa awe yule anayeshika hati. Habari ziliposambaa, mbunge James Jackson wa Georgia alisimama akalalamika kwamba vyombo vitatu vilikuwa vimeng'oa nanga New York kwenda kununua hati kwa watu wa mbali, kabla hawajapata habari. James Madison akapendekeza njia nyingine: mnunuzi apewe bei ya juu ya soko, na kinachobaki kirudi kwa askari aliyepewa hati mwanzo. Hamilton alipinga. Hati, alisema, ilitolewa ikiwa ya kuuzika, na nchi inayobadili ahadi yake baada ya mauzo haitaaminiwa tena na mkopeshaji yeyote. Kura zikapigwa. Madison alipata 13, waliomkataa walikuwa 36.

Rudini kwenye kalamu. Kwa sheria ya Agosti 1790, theluthi mbili za zile dola 80 ziligeuzwa hatifungani, yaani hati mpya ya deni la serikali, yenye riba ya asilimia 6. Theluthi iliyobaki ingeanza kuzaa riba mwaka 1801. Riba ya zamani, zile dola 33 na senti 60, ikawa hatifungani ya asilimia 3. Jumlisheni: mnunuzi alipata takriban dola 4 na senti 20 kwa mwaka. Alitoa dola 10. Katika miaka 3 fedha yake ilikuwa imerudi yote, na hatifungani bado ni zake.

Mtauliza, nani alikosea? Hoja ya Hamilton ilikuwa na nguvu: taifa lilijijengea jina la kulipa, na kufikia mwaka 1835 lilikuwa limemaliza deni lake lote. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini mimi naona dhuluma ilikwisha kutendeka mwaka 1783, pale mtu aliyepigana alipopewa ahadi isiyolika, akaambiwa aende nyumbani. Baada ya hapo kila kitu kilifuata sheria, na askari akabaki mikono mitupu. Martin alipoomba msaada wa serikali uzeeni, mali aliyoiorodhesha ilikuwa ng'ombe wawili, kondoo sita na nguruwe mmoja. Alipewa dola 8 kwa mwezi.

Tunayajuaje yote haya? Kwa sababu ya madaftari. Novemba 1800 ofisi ya vita mjini Washington iliungua, na nyaraka nyingi za jeshi zikateketea. Mwaka 1814 Waingereza wakauchoma mji. Lakini orodha ya hati za Pierce ilisalimika, ikachapwa tena mwaka 1915, na wapo askari ambao mstari ule mmoja, namba, jina na kiasi, ni miongoni mwa alama chache walizoacha duniani. Vitabu vya waliolipwa riba navyo vimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani. Ukiviweka pamoja na orodha hiyo, upande mmoja unaona majina ya waliopigana, upande wa pili majina ya waliolipwa.

Na yaliyowapata askari hao yamewapata na wengine. Mkipita Kariakoo, Dar es Salaam, kumbukeni jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikufa kwa maelfu, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkifanya kazi andikeni siku na kiasi. Mkipewa hati, isomeni kabla ya kuiuza. Na nyumbani kukiwa na kikaratasi cha babu chenye muhuri, msikitupe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.