Ngano Inavyomtambua Pacha Wake

Lipasue taratibu suke la ngano ya Bahati kabla halijachomoza, likiwa bado limefungwa ndani ya ala ya jani la mwisho. Utakuta vifuko vya chavua vya kijani hafifu, vidogo kuliko punje ya mchele. Humo, siku nyingi kabla ya mvunaji kupita, ndimo inamoamuliwa kama ua litashika punje au litabaki kapi.

Ngano ya mkate ina kromosomu 42. Ilitokana na nyasi tatu za ukoo mmoja zilizochanganyika zamani, kila moja ikachangia jozi saba. Kwa hiyo kila kromosomu ina pacha wake halisi, na ina pia binamu wanne wanaofanana naye mno. Seli inapojigawa kutengeneza chavua, sharti kila kromosomu impate pacha, wabadilishane vipande, ndipo waachane. Ikimshika binamu, hesabu huharibika na chavua huwa dhaifu.

Namna pacha anavyotafutwa inastaajabisha. Seli huikata DNA yake yenyewe kwa makusudi, mahali pengi. Kisha protini mbili za ukarabati, RAD51 na DMC1, huzishika ncha zilizokatika na kuzipeleka kutafuta mfuatano unaolingana nazo. RAD51 hufanya kazi hiyohiyo ya kuunga DNA katika seli nyingine za mmea, na hata katika miili yetu. DMC1 ni ya uzazi tu, na nakala ya jeni yake iliyo kwenye kromosomu 5D inatuhusu sana watu wa nyanda za juu za Kenya: majaribio ya Uingereza yalionyesha kwamba ngano iliyoikosa hushindwa kuoanisha kromosomu zake kwenye baridi ya nyuzi 13, ingawa katika joto la kawaida hujimudu.

Lakini nani huwazuia binamu? Mwaka 1958, Ralph Riley na Victor Chapman wa Cambridge waligundua kwamba ngano isiyo na kromosomu 5B huanza kuchanganya jamaa. Ilichukua karibu miaka 60 kumpata mhusika: nakala ya ziada ya jeni iitwayo ZIP4. Ikiondolewa, punje zinaweza kupungua hadi nusu.

Ulinzi huo una gharama, na gharama yake tumeiona hapa Nakuru. Jeni ya Sr31, iliyokinga ngano dhidi ya ugonjwa wa kutu ya shina kwa miaka mingi, ilitoka kwa rai, nafaka inayolimwa sana Ulaya. Kwa kuwa kromosomu ya rai haibadilishani vipande na ya ngano, mkono mzima wa kromosomu ya rai uliingia pamoja na protini zinazofanya kinyunga kinate. Kisha mwaka 1998 ikaonekana Uganda kutu ya Ug99, isiyojali Sr31. Tangu 2005, kituo cha Njoro cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, kimepokea maelfu ya mbegu za majaribio kutoka nchi nyingi na kuzipanda katikati ya kutu hiyo.

Mimi naweka tumaini kubwa kwenye ngano ambayo ZIP4 yake imebadilishwa kidogo, si kufutwa. Hiyo huzaa vizuri, na inapochanganywa na nyasi za porini hukubali kubadilishana nazo vipande vidogo. Mtafiti akishapata kipande chenye kinga, huirudisha ZIP4 ya kawaida kwa kuchavusha tena, kisha mbegu inaletwa Njoro ipambane na kutu shambani.