Herekali Amekaa Nje ya Darasa

Muhula uliopita nilialikwa na shule moja ya upili iliyo karibu na Malakisi, kaunti ya Bungoma, nizungumze na wanafunzi wa kidato cha tatu kuhusu tenzi za kale. Nilikuwa nimekwisha kueleza habari za vina na mizani, nikautaja Utenzi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herekali, pale binti mmoja alipoinua mkono akauliza, "Mwalimu, huyo Herekali alikuwa mtu kweli ama ni wa hadithi tu?" Nilimgeukia mwalimu wao wa Kiswahili. Akasema swali hilo limfae mwalimu wa historia. Mwalimu wa historia, aliyekuwa ameketi nyuma, akatabasamu na kujibu kwamba tenzi hazitahiniwi katika somo lake.

Sina haki ya kuwacheka. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu niliusoma utenzi huo huo, nikahesabu mizani nane katika kila mshororo, nikapasi mtihani, wala sikujua Herekali ni nani.

Herekali ni Heraclius, kaisari wa Roma ya Mashariki, aliyetawala kutoka Constantinople tangu mwaka 610 hadi 641. Wagiriki walimwita Herakleios na Waarabu wakamwita Hiraql. Jina lilipofika kwa Waswahili, ambao lugha yao haipendi neno liishie kwa konsonanti, likatiwa irabu likawa Herekali. Tabuk nayo, mahali palipo kaskazini-magharibi mwa Bara Arabu, ikapata nazali katikati na irabu mwishoni, ikawa Tambuka. Utenzi wenyewe ni wa Mwengo wa Athumani wa Pate, na tarehe yake ya 1728 inauweka miongoni mwa tenzi kongwe kabisa tulizo nazo kwa maandishi. Yaani fasihi yetu ilipoanza kuandika mambo makubwa, Mrumi alikuwamo.

Lakini mshairi anatuonyesha Herekali mwenye majeshi yasiyohesabika. Asichotueleza, kwa kuwa si shabaha yake, ni kwamba kaisari huyo alikuwa ametoka tu katika vita vya kuchosha kupita kiasi. Roma na madola ya mashariki zilikuwa zimepigana kwa muda wa karne saba hivi. Crassus aliuawa na Waparthi baada ya kushindwa Carrhae mwaka 53 kabla ya Kristo. Kaisari Valerian alitekwa na Shapuri wa Uajemi mwaka 260. Vita vya mwisho, ambavyo ndivyo vilivyomkuta Heraclius, vilidumu tangu 602 hadi 628. Waajemi waliiteka Yerusalemu mwaka 614, kisha wakaichukua Misri, ghala la nafaka la Constantinople. Heraclius alijibu kwa kuvuka milima ya Armenia hadi akawashinda karibu na Ninawi, katika Iraki ya leo, Desemba 627. Mwaka uliofuata mfalme Khosrow wa Pili akauawa na watu wake mwenyewe.

Ushindi gani huo! Hazina zilikuwa tupu pande zote mbili. Huko Tambuka, mwaka 630, wanahistoria wanatuambia kwamba majeshi hayakukutana hata kidogo. Utenzi ndio uliopiga vita hivyo. Ila mwaka 636 Warumi walishindwa na Waarabu kweli kweli huko Yarmuk, wakaipoteza Shamu, na kufikia 651 dola ya Wasasani wa Uajemi ilikuwa imekwisha. Mwanafunzi asiyejua habari za Waajemi atausoma utenzi akidhani Herekali alianguka akiwa katika kilele cha nguvu zake.

Wapo watakaoniuliza: mtoto wa mkulima wa pamba au tumbaku hapa Malakisi atapata nini kwa Warumi? Nilipowachorea ubaoni jinsi Armenia ilivyogawanywa kati ya Roma na Uajemi mwishoni mwa karne ya nne, watu wa lugha moja wakawa chini ya wafalme wawili, sikuhitaji kueleza zaidi. Mpaka wa Uganda uko karibu nao. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukawa sehemu ya himaya yao iliyokuja kuitwa Kenya, na tangu hapo Wateso wako huku na wako huko. Kijana mmoja alisema shangazi yake ni Mganda kwa kitambulisho tu. Darasa zima likacheka, na Armenia ikaeleweka kuliko vile nilivyowahi kuifafanua katika ukumbi wa chuo.

Ninachowaomba walimu si kitabu kipya wala silabasi mpya. Siku utenzi huu utakapofundishwa, mwalimu wa historia na akaribishwe kwa kipindi kimoja, aje na ramani. Dakika arobaini zatosha. Gharama yake ni walimu wawili kuzungumza katika chumba cha walimu, jambo ambalo, nakiri, hata sisi wa idara za vyuo vikuu hutushinda.

Kengele ilipolia, yule binti alinifuata hadi mlangoni. Alitaka kujua kama Waajemi nao walimtungia Herekali utenzi wao. Nilimwambia nitarudi na jibu muhula ujao, na bado ninalitafuta.