Kura za Lewiston: Mgombea akibisha hodi, muulize kodi na theluji

Na Mwandishi Wetu, Lewiston, Maine

Mwezi Desemba mwaka 2017 mji huu ulipata meya kwa tofauti ya kura 145. Si asilimia, ni kura 145, yaani watu wanaoenea katika mabasi matatu ya shule. Shane Bouchard, Mrepublican, alimshinda Ben Chin, Mdemokrati, katika duru ya pili, ingawa Chin ndiye aliyeongoza duru ya kwanza mwezi Novemba. Kuna baadhi ya majengo ya katikati ya mji ambayo wapangaji wake peke yao, wangeamka asubuhi ile ya baridi, wangeweza kubadili matokeo.

Lewiston ina watu wapatao 37,000, na bado ni mji wa pili kwa ukubwa katika jimbo la Maine. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atacheka, maana kwake hiyo ni kata moja. Wapenzi wa ndondi wanaukumbuka kwa pambano la Muhammad Ali na Sonny Liston la Mei 25, 1965, lililokwisha raundi ya kwanza. Wenyeji wengi wa hapa ni wajukuu wa Wakanada wa Kifaransa waliokuja karne ya 19 kufanya kazi katika viwanda vya nguo kando ya mto Androscoggin. Viwanda vilipofungwa, vijana waliondoka na nyumba zikabaki tupu. Kuanzia mwaka 2001 zikaanza kujazwa na familia za Kisomali, wakafuata Wabantu wa Somalia waliokaa miaka mingi katika kambi za Dadaab na Kakuma huko Kenya, kisha Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Waangola. Miongoni mwa hao Wabantu wapo ambao bado wanazungumza Kizigua, lugha ya Handeni, kwa sababu mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya Tanganyika. Ndiyo maana ukiingia duka la mtaa wa Lisbon kununua sambusa unaweza kujibiwa kwa Kiswahili.

Naandika haya kama mkazi na mpiga kura, si kama mtaalamu wa siasa. Kila uchaguzi unapokaribia, simu zinaanza kuita: tumpigie nani? Wengi wanaouliza wanaujua uchaguzi wa rais vizuri mno, hata wa majimbo ambayo hawajafika. Lakini ukiwauliza diwani wa kata yao ni nani, kimya. Na mimi naona huyo diwani ndiye anayewagusa zaidi.

Tuanze na meya, maana hapo ndipo watu wanapotegea mengi kuliko yaliyopo. Meya wa Lewiston si gavana wa kaunti ya Kenya, wala si mkuu wa wilaya. Anachaguliwa kila baada ya miaka miwili, katika mwaka usiogawanyika kwa mbili, na karatasi ya kura haionyeshi chama chake. Anaendesha vikao na kuusemea mji. Shughuli za kila siku ziko mikononi mwa msimamizi wa mji, ambaye ni mwajiriwa, na bajeti inapitishwa na madiwani saba, mmoja kwa kila kata. Kwa hiyo mgombea umeya anayekuja mlangoni na kuahidi kwamba atabadilisha sheria za uhamiaji, mpe chai umuage. Hana uwezo huo. Muulize theluji itaondolewa saa ngapi kwenye vichochoro ambako wazee wanapita kwenda msikitini na kanisani.

Hata hivyo sauti ya meya ina uzito, na mji huu ulijifunza hilo mapema. Oktoba 2002 meya wa wakati ule, Laurier Raymond, aliandika barua ya wazi kuwataka Wasomali wapunguze kasi ya ndugu zao kuhamia hapa, kwamba mji umeelemewa. Barua ile ilizunguka dunia nzima. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kutoka nje ya jimbo kikaja kufanya mkutano. Walijitokeza watu wapatao 30 tu, na siku hiyo hiyo zaidi ya watu 4,000 wakakusanyika katika chuo cha Bates kuwapinga. Meya hakubadili sheria yoyote kwa barua ile, lakini aliwapa watu ruhusa ya kusema waliyokuwa wakiyanong'ona. Kwa hiyo mgombea umeya namsikiliza namna anavyowasema watu wasiokuwepo chumbani.

Kwa madiwani mimi nina maswali mawili, la kodi na la rangi.

Kodi ya majengo ndiyo inayoendesha mji na shule. Wapangaji wengi wanadhani haiwahusu kwa kuwa hawana nyumba. Inawahusu sana, mwenye nyumba akipandishiwa kodi na mji, naye anapandisha pango. Mgombea anayeahidi kupunguza kodi aseme pia atakata nini: walimu, zimamoto, au magari ya kusukuma theluji. Na yule anayeahidi kila kitu kwa kila mtu aseme atakayelipa ni nani. Nimewaona wa aina zote mbili, na wote wawili wanapenda kubadilisha mazungumzo swali hili likifika.

Swali la rangi ni zito zaidi. Nyumba za mbao za ghorofa tatu na nne zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo kwa matumizi ya nyumbani ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978. Rangi ikibabuka, vumbi lake linaingia mikononi na mdomoni mwa watoto wanaotambaa, na madini hayo yanaharibu ubongo unaokua. Lewiston imekuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi katika Maine. Watoto waliovuka vita na kambi wakapoteze akili zao kwa ukuta wa chumba cha kulala! Mwaka 2021 serikali ya shirikisho iliupa mji dola milioni 30 kwa ajili ya kujenga upya mitaa ile iliyopewa majina ya miti. Fedha ni nyingi, lakini hazifiki kila nyumba, na ni baraza la mji linaloamua ukaguzi utakuwa mkali kiasi gani kwa wenye majumba wengine. Diwani asiyejua lolote juu ya jambo hili sioni anagombea nini.

Sasa nije kwenye lile linalotugawa sisi wenyewe: kumpigia kura mtu kwa sababu ni mtoto wetu. Mwaka 2019 Safiya Khalid, akiwa na umri wa miaka 23, alichaguliwa kuwa diwani, Msomali wa kwanza katika baraza la Lewiston. Alitukanwa sana kwenye intaneti, tena na watu wengi ambao hata jimbo hili hawaishi, na akashinda kwa kishindo. Mwaka 2022 Mana Abdi alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo kutoka hapa Lewiston, baada ya mpinzani wake kujitoa. Mwaka huo huo akachaguliwa pia Deqa Dhalac wa South Portland, ambaye mwaka 2021 madiwani wenzake walikuwa wamemfanya meya wa mji ule.

Nilifurahi, sitaficha. Msichana wa shule anayemwona mwenye hijabu kama yake amekaa kwenye kiti cha diwani anaona mlango umefunguliwa. Lakini wagombea hawa hawakushinda kwa kura za jamaa zao peke yao, maana jamaa hatutoshi. Walishinda kwa kubisha hodi kwenye nyumba za kina bibi wa Kifaransa. Na anayedai kura yangu kwa kuwa tu tumetoka bara moja, bila kunijibu juu ya rangi na kodi, namwona sawa na yule wa nyumbani anayegawa khanga na kofia.

Tena neno hili la mtoto wetu linakata pande zote. Paul LePage alizaliwa hapa hapa Lewiston, katika familia maskini ya Kifaransa yenye watoto wengi, akatoroka nyumbani akiwa na miaka 11 na kulala mitaani. Nani angekuwa mtoto wa mji huu kuliko huyo? Alipokuwa gavana, ni yeye aliyepigana kuwanyima waomba hifadhi msaada wa mji, ule wa hati za kulipia pango na chakula ambazo mji hutoa na jimbo kurudisha asilimia 70 ya gharama.

Kisa chake kinafaa kusimuliwa, kwani kinaonyesha kwa nini wabunge wa jimbo wana maana. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kuwaruhusu waomba hifadhi kupata msaada huo hadi miezi 24. Gavana alitaka kuipinga kwa kura yake ya turufu, lakini aliacha siku 10 alizopewa na katiba zikapita. Akadai Bunge lilikuwa limeahirishwa. Mahakama Kuu ya Maine ikasema hapana, muda umekwisha, na miswada 65 ikawa sheria kwa mpigo. Familia nyingi za Kikongo na Kirundi zilizofika Maine baada ya hapo zililala penye joto kwa sababu ya hesabu hiyo ya siku.

LePage aliingia madarakani uchaguzi wa 2010 kwa chini ya asilimia 38 ya kura, kwa kuwa wapinzani wake waligawana zilizobaki. Hasira ya watu juu ya jambo hilo ilisaidia kuleta utaratibu mpya uliopitishwa kwa kura ya maoni mwaka 2016: mpiga kura anawapanga wagombea, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana aliyevuka nusu, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo la pili la waliompigia. Mwaka 2018 Jared Golden wa Lewiston aliingia Bunge la Marekani kwa njia hiyo, ingawa mpinzani wake aliongoza hesabu ya kwanza. Ila majaji walitoa maoni mwaka 2017 kwamba katiba ya jimbo hairuhusu utaratibu huo katika uchaguzi mkuu wa gavana na wabunge wa jimbo, hivyo mwaka 2018 na 2022 gavana alichaguliwa kwa njia ya zamani. Nawaomba wazee wetu waelewe tofauti hiyo. Nimewaona wakiipangia namba karatasi isiyotaka namba.

Nikichagua gavana naangalia kama anaheshimu tulichopigia kura. Novemba 2017 wananchi wa Maine waliamua bima ya afya ya serikali ipanuliwe kwa watu wa kipato cha chini. LePage alikataa kuitekeleza hadi anaondoka. Janet Mills, mwanamke wa kwanza kuwa gavana hapa, aliiagiza itekelezwe alipoingia Januari 2019. Kwa mtu anayefunga samaki kwa zamu ya usiku bila bima, hiyo haikuwa siasa, ilikuwa dawa ya sukari.

Kitu kimoja cha Maine ningependa nyumbani wakiige. Mgombea wa Bunge la jimbo anaweza kugharimiwa kampeni na mfuko wa umma, mradi kwanza athibitishe anaungwa mkono kwa kukusanya dola tano tano kutoka kwa wapiga kura wa eneo lake: 60 kwa Baraza la Wawakilishi, 175 kwa Seneti. Ndiyo maana mwalimu au muuguzi anaweza kugombea bila kumpigia magoti tajiri. Akija kukuomba dola tano, kumbuka kwamba baadaye una haki ya kumpigia simu na yeye akapokea.

Jambo la mwisho kuhusu jimbo ni chungu. Oktoba 25, 2023, mtu mwenye silaha aliua watu 18 hapa Lewiston, katika ukumbi wa mchezo wa kuangusha pini na kwenye baa. Siku chache baadaye tulitakiwa kuchagua meya, na Carl Sheline alirudi madarakani baada ya duru ya pili ya Desemba. Novemba 2025 jimbo zima liliulizwa kama familia ziweze kwenda moja kwa moja mahakamani kuomba ndugu yao mwenye hatari aondolewe bunduki, na likajibu ndiyo. Siku hiyo hiyo likakataa pendekezo la kuwabana wapiga kura kwa vitambulisho na kupunguza kura za mapema. Mgombea yeyote wa jimbo anayekuja mji huu bila msimamo wazi juu ya bunduki, awe upande wowote, mimi namhesabu amekuja kututania. Na hapa si wote tunaokubaliana. Jirani zangu wengi ni wawindaji, na silaha kwao ni nyama ya msimu wa baridi.

Wapo wasiokuwa na kura kabisa. Asiye raia haruhusiwi kupiga, na kujaribu kunaweza kumfukuzisha nchini. Portland iliwahi kuulizwa mwaka 2010 kama wakazi wasio raia wapige kura za mji, ikakataa kwa tofauti ndogo. Na Mtanzania anayechukua uraia wa Marekani ili apate kura hii anapoteza wa Tanzania, kwani sheria ya huko haikubali uraia pacha kwa mtu mzima. Mkenya tangu katiba ya 2010 hana shida hiyo. Ndugu zangu kadhaa wameshindwa kuamua hadi leo, na siwalaumu.

Walio raia wajue haya. Maine inakuruhusu kujiandikisha siku hiyo hiyo ya kupiga kura. Bunge liliwahi kufuta haki hiyo mwaka 2011 na wananchi wakairudisha Novemba ya mwaka ule ule. Asiyeweza kusoma Kiingereza anaweza kuingia na mtu wa kumsaidia anayemchagua mwenyewe, hata mwanawe, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Vituo vinafungwa saa mbili usiku. Na duru ya pili ya umeya, ikitokea, huwa Desemba, wakati theluji imeshaanza na watu wanadhani uchaguzi umekwisha.