Mwethya na Uwanja wa Wote

Katika vilima vya Mbooni, Kaunti ya Makueni, lilipo soko la Mbumbuni, uwanja wa michezo unaotunzwa kwa kujitolea hauwezi kueleweka bila mwethya, yaani desturi ya Wakamba ya majirani kuungana ili kulima, kujenga au kuchimba kwa zamu bila ujira. Kwa majembe ya mwethya, hasa tangu miaka ya 1950, yalichimbwa matuta mengi yanayozuia mmomonyoko wa udongo, na wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, jambo linalostahili kutajwa kwanza kila historia ya vilima hivi inaposimuliwa.

Kwenye miteremko ardhi tambarare ni adimu, hivyo kiwanja kimoja hulazimika kutumika kwa kandanda, baraza la chifu, ibada na sherehe, na ardhi ya namna hii, hata ikiwa ya umma kisheria, huwa rahisi kunyakuliwa pale ambapo haijapimwa wala kuwekewa mipaka. Kufyeka nyasi na kupanda miti ukingoni hakutoshi kuulinda uwanja. Kikundi kinachojitolea kinahitaji pia kuandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya mwaka 2022, kwa kuwa na katiba yake na viongozi waliochaguliwa, ili kiweze kufungua akaunti ya benki, kukusanya michango kwa uwazi, na kuitaka serikali ya kaunti, kwa jina lake chenyewe, ipime uwanja huo.