Kata Kwanza, Ndipo Uhesabu

Msimu wa kutetea kazi za mwisho wa masomo ukifika hapa Kamina, sekretariati za mjini, zile za kuchapa na kutoa karatasi, hujaa vijana wenye flashi mikononi. Wengi wao wamekwisha kuandika. Direkta anayewasimamia amesoma na kusahihisha, utangulizi upo, hitimisho lipo, hata ukurasa wa kuwashukuru wazazi umepambwa vizuri. Kinachowakalisha kwenye benchi ni tarakimu ndogo tu chini ya karatasi. Jalada limetoka na namba 1 wakati halitakiwi kuwa na namba yoyote, kurasa za mwanzo zinasoma 2, 3, 4 badala ya I, II, III, na utangulizi unaanzia 8.

Dawa inayotolewa mara nyingi ni kuipasua kazi katika faili tatu: ya jalada, ya kurasa za mwanzo na ya mwili wenyewe. Kila faili hupewa namba zake, karatasi zikatoka, zikaunganishwa kwa mkono. Inafaulu kwa siku moja. Lakini yaliyomo hayawezi tena kutengenezwa na mashine, kwa kuwa faili moja haioni vichwa vya habari vilivyo katika nyingine, hivyo mchapaji anaandika orodha nzima kwa vidole. Direkta akitaka aya mbili ziongezwe katika sura ya kwanza, orodha yote imekuwa ya uongo. Na kwa kuwa kutoa karatasi hulipiwa kwa ukurasa, uongo huo una bei.

Yote haya yanatokana na kudhani kwamba namba ya ukurasa ni maandishi. Si maandishi. Ukibofya «Insertion» kisha «Numéro de page» katika Word (mashine nyingi hapa zinasema Kifaransa, kwa hiyo nitataja vitufe kama vinavyosomeka kwenye kioo), programu haiandiki 5 wala 50. Inaweka amri fupi inayouliza: hapa ni ukurasa wa ngapi? Jibu hutafutwa upya kila kurasa zinapopangwa. Anayetaka kuiona amri hiyo abonyeze Alt na F9 pamoja: mahali pa namba patatokea neno PAGE ndani ya mabano yenye mikunjo. Akibonyeza tena, tarakimu inarudi. Ndiyo sababu aliyeingia chini ya ukurasa na kuandika 5 kwa mkono wake hukuta kila ukurasa wa kazi yake ni wa tano: eneo lile la chini ni moja, linarudiwa karatasi kwa karatasi, nalo hurudia kile ulichokiweka humo bila kufikiri.

Basi kama eneo la chini ni moja kwa kazi nzima, jalada litakosaje namba, shukrani zitapataje za Kirumi, na utangulizi utaanzaje na 1? Kwa kuikata kazi katika sehemu ndani ya faili ileile moja. Hapa ndipo wengi wanapopotelea, kwa sababu Word ina mikato ya aina mbili na kwenye kioo inafanana kama mapacha. Mkato wa ukurasa, ule wa Ctrl na Entrée, unasukuma tu maandishi yaende karatasi inayofuata. Kwa upande wa namba haujakata chochote. Mkato wa sehemu unapatikana penye «Mise en page», «Sauts de pages», halafu, katika kundi la chini, «Page suivante». Huo ndio unaoipa sehemu mpya haki ya kuwa na eneo lake la chini, hesabu yake, hata upande wake wa karatasi. Kabla ya kuanza, bofya alama ya ¶ iliyo katika «Accueil» ili mikato yote ionekane kwa jina lake. Nimeona kazi zenye mikato ya sehemu saba iliyosahaulika, kila mmoja ukileta fujo yake.

Kwa kazi ya kawaida ya chuo, mikato miwili inatosha: mmoja mwishoni mwa jalada, mwingine mwishoni mwa kurasa za mwanzo, yaani baada ya tabaruku, shukrani na orodha ya vifupisho. Weka kishale mwanzoni kabisa mwa ukurasa utakaofungua sehemu mpya, kabla ya herufi ya kwanza, ndipo ukate.

Kukata peke yake hakutoshi, na mtu wa Kamina hana haja ya kufundishwa kwa nini. Stesheni yetu ni njia panda: reli inayopanda kutoka Lubumbashi inagawanyika hapa, tawi moja likienda Kananga na Ilebo, jingine Kabalo na Kalemie. Behewa la Kalemie haliwezi kushika njia yake likiwa bado limefungwa kwenye la Kananga. Sehemu za Word nazo huzaliwa zikiwa zimefungwa moja kwa nyingine. Bofya mara mbili chini ya ukurasa wa kwanza wa sehemu ya pili: kushoto utasoma «Pied de page – Section 2», kulia «Identique au précédent». Maneno hayo ya kulia ndiyo kiungo. Maadamu yapo, ukifuta namba kwenye jalada itafutika na kwenye shukrani, ukiirudisha kwenye shukrani itarudi na kwenye jalada, na utazunguka hivyo mpaka jioni. Juu ya kioo kuna kitufe «Lier au précédent». Kizime, na maneno yatatoweka. Fanya hivyo kwa sehemu ya pili na ya tatu. Kama namba zako zinakaa juu ya ukurasa, zima kiungo cha juu, kwa sababu cha juu na cha chini havijuani: kuzima kimoja hakukigusi kingine.

Sasa ndipo hesabu. Katika sehemu ya pili weka namba, kisha rudi «Numéro de page» na uchague «Format des numéros de page». Kidirisha kidogo kinafunguka. Juu unachagua umbo, I, II, III. Chini unaweka alama kwenye «À partir de» na kuandika I. Katika sehemu ya tatu fanya vilevile kwa 1, 2, 3, ukianzia 1. Jalada halina namba, kwa kuwa hukuliwekea. Ukifuata mpangilio huo, kata, fungua kiungo, hesabu, kazi inakwisha kabla ya foleni kusogea. Ukianza na hesabu, namba utakayoiweka au kuifuta katika sehemu moja itawekwa au kufutwa na katika nyingine.

Barua ndefu au ripoti isiyo na kurasa za mwanzo haihitaji yote haya. Weka alama kwenye «Première page différente» na jalada litanyamaza. Kunyamaza si kutohesabiwa: karatasi ya pili itaandikwa 2. Ukitaka iwe 1, andika 0 kwenye «À partir de», jalada libebe sifuri ambayo hakuna atakayeiona.

Kuna mtego mmoja unaowapata hasa wanafunzi wa uchumi na kilimo, wenye majedwali mapana. Ili kulaza ukurasa mmoja tu, ni lazima ukatwe mbele na nyuma, na hapo kazi inapata sehemu mbili mpya. Zote mbili ziachiwe «À la suite de la section précédente», la sivyo baada ya ukurasa wa 34 msomaji atakutana na 1.

Wazo lenyewe la kutia namba halina umri mkubwa kama kitabu. Wanakili wa vitabu vya hati za Kiarabu walikuwa na mbinu nyingine: chini ya ukurasa waliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, na mwenye kujalidi akafuata maneno hayo asikosee mpangilio. Katika vitabu vya Ulaya vilivyopigwa chapa, namba za karatasi zilionekana mapema kabisa mjini Cologne mwaka 1470, katika kijitabu cha mahubiri cha Werner Rolevinck kilichochapwa na Arnold Therhoernen, tena zikiwa pembeni, katikati ya urefu wa karatasi. Neno la chini lilimtosha fundi wa kujalidi. Namba inamfaa zaidi msomaji: wajumbe watano wa jopo, kila mmoja na nakala yake, wanafungua mahali pamoja mara tu mmoja anaposema ukurasa wa 27.

Lakini hilo hudumu ikiwa 27 ya nakala moja ni 27 ya nakala zote. Hapa lazima tuzungumzie jambo linalowashangaza watu: kazi iliyochapwa nyumbani kwa kurasa 60 inafika sekretariati na kuwa 58 au 63, na hakuna aliyeigusa. Faili ya Word haihifadhi kurasa. Inahifadhi maandishi na masharti, na kila mashine huzipanga kurasa upya kwa kadiri ya fonti ilizonazo na ukubwa wa karatasi ulioandikwa humo. Kompyuta iliyoletwa imetumika kutoka Marekani mara nyingi bado inafikiria karatasi ya huko, sentimita 21.59 kwa 27.94. Karatasi inayouzwa hapa ni A4, 21 kwa 29.7: nyembamba kidogo lakini ndefu zaidi. Ukibadilisha kutoka ile kwenda hii, kazi ya kurasa 60 hupungua karibu kurasa mbili, na kila namba iliyoandikwa kwa mkono katika yaliyomo imepitwa. Kwa hiyo angalia ukubwa wa karatasi siku ya kwanza, si ya mwisho. Yaliyomo yatoke «Références», «Table des matières», na kabla ya kutoa karatasi bofya ndani yake, bonyeza F9, usasishe namba peke yake au orodha nzima. Kisha hifadhi nakala ya PDF na hiyo ndiyo upeleke kwa mchapaji. PDF haipangi upya kitu.

Anayetumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, asitafute sehemu kama za Word. Humo namba hufuata mtindo wa ukurasa: unaweka «Saut manuel», unachagua mtindo wa kurasa zinazofuata, unaweka alama kwenye «Modifier le numéro de page» na kuandika namba ya kuanzia. Mimi naona ni safi zaidi, ingawa wachapaji wengi hawajaizoea.

Kuhusu mapambo, sina uvumilivu mkubwa. Word ina namba zenye mistari, mabano, miduara ya rangi. Katika kazi ya chuo tarakimu tupu inatosha. Linalostahili kusahihishwa ni fonti: namba hufuata mtindo wa «Pied de page», si wa aya zako, ndiyo maana kazi nzima inakuwa Times New Roman na namba zinatoka na Calibri. Badilisha mtindo huo mara moja, kurasa zote zitatii. «Ukurasa 3 kati ya 5» ni jambo jingine, nalo nalipenda kwenye mikataba na hati za kuuziana kiwanja, kwa sababu karatasi ikichomolewa kila mtu ataona. Jumla hiyo hutolewa na amri ya NUMPAGES, inayohesabu faili nzima pamoja na jalada. Kwa jumla ya sehemu moja tumia SECTIONPAGES.

Baada ya kutetea kuna masahihisho, na mara nyingi ni karatasi tatu nne tu zinazohitaji kutolewa upya. Ukiomba ukurasa wa 5 katika kazi yenye sehemu tatu, mashine haina hakika ni 5 ipi, ya Kirumi au ya mwili. Katika kisanduku cha «Pages» andika p5s3, yaani ukurasa wa 5 wa sehemu ya 3. Kwa mfululizo, p5s3-p8s3. Kabla ya hapo hakikisha masahihisho hayakusukuma mstari wowote kwenda ukurasa wa 9, maana ukisukumwa hata mmoja, kurasa za mbele nazo zitabidi zitoke upya.