Shimo la Chololo

Mvua ya milimita 10 ikimkuta mtu wa Bukoba kitandani, atageuka upande wa pili na kuendelea kulala. Lakini mvua hiyo hiyo ikinyesha juu ya ekari moja imemwaga lita 40,000 za maji, yaani ndoo 2,000 za lita 20. Kina mama wa vijiji vya Dodoma, wanaojua uzito wa ndoo moja kutoka kisimani hadi nyumbani, wataielewa hesabu hii kuliko mimi ninayeiandika. Na Dodoma hupata wastani wa kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka. Kila ekari, hata ile ambayo mwenyewe ameiacha kwa kuiona haifai, hupokea zaidi ya lita milioni mbili kila msimu.

Basi njaa hutoka wapi? Tumezoea kusema kwamba Dodoma haina mvua, na tukishasema hivyo tunaona tumemaliza. Mvua ipo. Haiingii ardhini.

Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mara nyingi huja kwa kishindo: inapiga kwa muda mfupi, kisha jua linawaka siku nyingi mfululizo. Matone yakipiga udongo ulio uchi huuponda, chembe ndogo zinaziba vitundu vya juu, na jua likishakausha hubaki ukoko mgumu kama ule wa sufuria ya ugali. Mvua inayofuata ikikuta ukoko huo hukimbilia korongoni, ikiwa imebeba samadi na udongo mwema wa juu. Ikifika Februari, mara nyingi mvua hukata, na hapo ndipo mahindi yanatoa mbelewele. Shamba lililolimwa kwa kuberega, yaani kukwangua majani, kuyachoma na kufukia mbegu bila kutifua, halina akiba ya unyevu wa kulivusha hapo.

Chololo ni kijiji kilicho kusini-mashariki mwa jiji la Dodoma. Mkulima mmoja wa hapo ndiye aliyeanza kuchimba mashimo ambayo leo yanatajwa katika vitabu vya kilimo kwa jina la kijiji chake. Shimo lenyewe lina upana wa sentimita 22 hivi, ambao ni shubiri moja ya mkono wa mtu mzima, na kina cha sentimita 30. Kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60, na kutoka mstari hadi mstari ni 90, na mistari yote hukata mteremko ili maji yasipate njia ya kushuka. Ndani yake huwekwa jivu, samadi, na mabua na mabaki ya mavuno yaliyopita. Ndipo udongo unarudishwa, lakini haurudishwi wote. Juu huachwa nafasi kama ya bakuli, maji yapate kutuama.

Ninavutiwa hasa na jivu. Ukizika mabua na samadi katika ardhi ya Dodoma bila kinga, umewaandalia mchwa karamu. Jivu la jikoni, ambalo kila nyumba inalo na hutupwa kila asubuhi, huwafukuza. Mtu aliyelifikiria jambo hilo alikuwa ameitazama ardhi yake miaka mingi, akijua nani anaishi ndani yake na anakula nini. Kisha hupandwa punje moja au mbili za mtama, uwele au mahindi katika kila shimo. Maji yaliyokuwa yakimbilie korongoni huishia miguuni mwa mmea, yakazama, na yakaingoja Februari. Imeandikwa kwamba kwa njia hii mavuno yaliweza kufika mara tatu ya yale ya kawaida.

Katika Afrika Magharibi, Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso alifika karibu mahali hapo hapo kwa kuboresha mashimo ya asili yaitwayo zaï, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Right Livelihood. Hakuwa na digrii. Watu wawili walio mbali, wenye ardhi ngumu na mvua chache, walijibu swali moja kwa jembe moja.

Kwa hiyo mtafiti ana kazi gani? Anayo, tena kubwa. Mkulima huona kwamba jambo limefanya kazi shambani kwake. Mtafiti ndiye anayeweza kusema litafanya kazi katika udongo upi, kwa mbegu ipi, na katika mwaka upi litashindwa. Kati ya mwaka 2011 na 2014, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini cha Dodoma, kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Hombolo na wadau wengine, na kwa fedha za Umoja wa Ulaya, kilifanya kazi Chololo na wanakijiji wenyewe: mbegu zinazokomaa mapema, samadi, makinga maji, ng'ombe wa kulimia. Waliokuja walikuta kijiji ambacho tayari kilikuwa na jambo la kuwafundisha.

Shimo hilo lina deni lake pia, na wanaolisifu semina hadi semina hulipita haraka mno. Kwa vipimo vile, ekari moja ina mashimo karibu 7,500. Bwana shamba akifika kwa mama wa Kigogo, akaitikiwa "Mbukwenyi" na kupewa kigoda, akaanza kuyaeleza, asishangae akiulizwa: "Mwanangu, hayo mashimo yote atachimba nani?" Hilo ni swali la kitaalamu kabisa, na utafiti usiolijibu haujakamilika. Ardhi ya Septemba ni kama saruji. Vijana wamekwenda mjini. Mwanamke anayebaki ana kuni, maji, watoto na mgonjwa. Ndiyo maana walio makini huanza na robo ekari, au hutumia jembe la kuchana la Magoye, lililobuniwa Zambia, ambalo likivutwa na ng'ombe hupasua mfereji bila kupindua udongo wote. Wengine hulima matuta na kuyaziba kwa vizuizi vidogo kila baada ya hatua chache, maji yasitembee.

Dodoma imewahi kuona utaalamu wa namna nyingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliokuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia waliamua kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, wakianzia Kongwa mwaka 1947. Walileta matrekta, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Visiki vya mibuyu vikavunja vyuma. Udongo wenye mfinyanzi ukakauka na kuzikamata karanga ardhini wakati wa kuzing'oa. Mvua haikufuata ratiba. Mradi ulifungwa mwaka 1951 ukiwa umekula zaidi ya pauni milioni 36. Watu walioishi juu ya ardhi ile, waliojua inavyokuwa Mei, walikuwapo siku zote. Walitafutwa kwa ajili ya vibarua.

Tangu hapo utafiti umejifunza kwenda polepole, na matunda yake makubwa hayaonekani kwa macho kwa sababu yamo ndani ya punje. Mtama wa asili ni mvumilivu lakini unachelewa. Mvua ikikata mapema unakufa na suke tumboni. Mbegu ya Macia, iliyotokana na kazi ya ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame, hukomaa kwa siku mia na kidogo. Wahi na Hakika ziliruhusiwa mwaka 2002 kwa sababu zinahimili kiduha, gugu lenye maua mazuri ya zambarau linalojishika kwenye mizizi ya mtama na kuunyonya chini kwa chini kabla mwenye shamba hajajua ana mgeni. Kwa upande wa uwele zipo Okoa na Shibe. Aliyezipa majina hayo alijua anamzungumzia nani.

Tatizo ni safari ya mbegu kutoka kituoni hadi kwenye kibuyu cha mkulima. Mtama ulioboreshwa hauna faida kubwa kwa mfanyabiashara wa mbegu, maana mkulima akishaununua mara moja anaweza kutenga mbegu yake miaka kadhaa. Njia iliyosaidia ni mbegu ya daraja la kuazimiwa, inayozalishwa na wakulima wenyewe kijijini na kukaguliwa, kisha kuuzwa kwa majirani. Hiyo ndiyo ya kuwekewa fedha. Na tusimlaumu anayeng'ang'ania mahindi: pale Kibaigwa kuna soko kubwa la mahindi, malori yanamngoja, wakati mtama wake mweupe unangojwa na kwelea kwelea. Asiyekuwa na watoto wa kuamia ndege kuanzia alfajiri hana mtama.

Jambo moja zaidi, na hili halihitaji hata mbegu. Tangu mwaka 2018 taasisi ya LEAD Foundation, ikishirikiana na Justdiggit, imekuwa ikieneza Dodoma kampeni ya Kisiki Hai. Mashamba yanayoonekana matupu yamejaa mizizi iliyo hai chini. Mkulima anachagua machipukizi machache kwenye kisiki, anapogoa mengine, anafunga kitambaa kuwa alama, anayalinda dhidi ya mifugo. Basi. Haikuwa hivyo kule Kondoa: mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO, ulioanza mwaka 1973, ulifikia mwaka 1979 kuwaondoa ng'ombe wote katika eneo lililomomonyoka. Majani yalirudi, lakini wenye ng'ombe walibeba gharama. Kitambaa kwenye kisiki hufungwa na mwenye shamba mwenyewe.

Na karanga hazikuondoka Kongwa. Katika mwongo uliopita watafiti wa Tanzania na wenzao wa ICRISAT walirudi wilayani humo, safari hii wakifanya majaribio ndani ya mashamba ya wanavijiji, karanga zikipandwa pamoja na mbaazi. Ipo mbegu fupi iitwayo Pendo, kutoka kituo cha Naliendele, Mtwara, inayokomaa kwa siku mia moja hivi. Hupandwa mvua za mwanzo, na huchimbwa kwa jembe la mkono udongo ukiwa bado na unyevu, kabla haujakaza. Nyuma ya mchimbaji watoto wanaokota zilizosalia, wakila mbichi.