Somo na Mwari: Dhamana Isiyofaa Kukatika

Katika nchi ya Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, ambako Wamakonde, Wamakua na Wayao wameishi kwa ujirani na kuoana, na ambako nasaba aghalabu huhesabiwa upande wa mama, mjomba akawa na kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake, wahenga walitambua kwamba mtoto, licha ya wazazi na wajomba, anahitaji mtu mzima mwingine wa kumwendea.

Haja hiyo ilitimizwa na jando na unyago. Mavuno yakiisha kuingia ghalani, wari, yaani vijana waliokuwa wakifundwa, walitengwa, wakakabidhiwa kwa makungwi na masomo, walezi wao wa mila, nao ndio waliowalisha, wakawauguza, wakawafunza nyimbo na mafumbo, na kuwarudi walipokosa adabu. Na somo wa msichana hakuwa wa siku za unyago tu, bali aliitwa tena zilipofika siku za ndoa na uzazi.

Thamani ya ada hii ilimdhihirikia hata mgeni. Padri Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hakuwalazimisha Wakristo waliache jando. Alishauriana na wazee, sala zikaingizwa, yaliyopingana na imani yakaondolewa, na wazee wakabaki katika kazi yao ya kulea.

Leo kumbi za jando na unyago huwekwa wakati wa likizo, mafunzo ya miezi yakabanwa katika majuma machache, na vijana wengi huelekea Mtwara na Dar es Salaam kutafuta riziki, ilhali wazee hubaki na mikorosho yao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mzee kuwa ni aliyetimiza miaka 60, lakini kumjulia hali kila siku ni kazi ya jirani.

Na faida ya ujirani huo, kati ya mzee na kijana aliyebaki kijijini, ni ya pande zote mbili. Mzee aliyepanda mikorosho ujanani anajua tawi lipi likatwe ili mwanga uingie, na huutambua ubwiriunga mara tu maua yanapoanza kufunikwa na unga mweupe; ila fedha zake, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, hupitia chama cha ushirika na benki, na habari zake huja kwa simu yenye maandishi asiyoyaona vema. Kijana akishamwambia, "Shikamoo, babu," akaitikiwa, "Marahaba, mjukuu wangu," huketi naye barazani akamsomea ujumbe na kumhesabia kilo na makato, namba ya siri ikibaki kwa mwenyewe. Tena kwa kuwa babu na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana, kijana huuliza hapo asilothubutu kumwuliza mjomba.

Si yote ya kale yanayofaa kurudishwa: mafunzo ya ndoa hayamstahili msichana aliye bado shuleni. Lakini dhamana ya somo inastahili kudumu mwaka mzima, kwa ridhaa ya wazazi na mbele ya macho ya watu, na walimu, mashehe, mapadri na wenyeviti wa vijiji waweza kuisimamia bila gharama. Nawe msomaji, ikiwa una mtoto atakayetoka kumbini mwaka huu, usimwache somo wake aende zake ngoma ikiisha, mwombe abaki.